Mnyoo Mweupe Tumboni mwa Dagaa

Anayenunua dagaa wabichi mwaloni, iwe Mwanza, Musoma, Homa Bay au Jinja, mapema au baadaye atakutana na mmoja ambaye tumbo lake limevimba kupita la wenzake. Akimbinya kidogo hutoka utepe mweupe, bapa, mrefu kama samaki mwenyewe au kumzidi, na mara nyingine bado unajinyonganyonga. Wapo wanaomwaga ndoo nzima palepale. Wapo wanaonyamaza, wakaanika, wakauza. Na wapo akina mama ambao tangu siku hiyo hawampikii mtoto dagaa tena.

Hao wa mwisho ndio walionisukuma kuandika. Dagaa, ambaye Kenya huitwa omena na Uganda mukene, ni samaki wa mwenye kipato kidogo kuliko samaki wote wa Ziwa Viktoria. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto kalsiamu, madini ya chuma na protini kwa bei ambayo sato na sangara hawaifikii. Kumwondoa sahanini kwa kuogopa mnyoo asiyemdhuru mtoto ni hasara kubwa kwa afya ya nyumba. Na hofu ikishaelekezwa pasipostahili, hatari zenyewe hupita bila mtu kuziangalia.

Mnyoo huyo kwa jina la kisayansi ni Ligula intestinalis, wa jamii ya tegu. Ili aishi na kuzaa anahitaji viumbe watatu tofauti. Mayai yake huanguka majini pamoja na kinyesi cha ndege walao samaki, kama mnandi na mwari. Yai likianguliwa hutoka lava mdogo anayeogelea, naye humezwa na kijidudu cha maji cha jamii ya kamba, ambacho kwa macho ni kama nukta tu. Dagaa hula vijidudu hivyo kila siku. Akimla aliyebeba lava, lava hutoboa ukuta wa utumbo na kutulia katika uwazi wa tumbo, na hapo ndipo anaponenepa. Huendelea kukua akibana viungo vya ndani mpaka mayai ya samaki jike na mbegu za dume hushindwa kukomaa. Dagaa wa namna hii kwa kawaida hazai tena. Huogelea karibu na uso wa maji, mzito wa mwendo, na ndege humnasa bila taabu. Ndani ya ndege tegu hukomaa kwa siku chache tu, hutaga, hufa, na safari huanza upya.

Watafiti wamemkuta tegu huyuhuyu katika usipa wa Ziwa Nyasa, na anajulikana katika samaki wadogo wa maji baridi wa mabara mengine pia. Anayeumia ni samaki na, kupitia samaki, mvuvi, maana dagaa wasiozaa ni dagaa waliopungua mwakani. Binadamu si mwenyeji wa Ligula. Mwili wa tegu huyu umeumbwa kukomaa katika utumbo wa ndege, wenye joto la kukaribia nyuzi 40, na akishapita kwenye mafuta ya moto au sufuria inayochemka anakuwa kipande cha nyama kama nyama nyingine, tumbo humsaga. Dagaa wa namna hiyo wanachukiza, sikatai. Watumbue, wasafishe, wapike. Tegu anayewapata watu wetu hutoka kwenye nyama ya ng'ombe au ya nguruwe isiyoiva, na yule wa nguruwe ana madhara makubwa hadi kwenye ubongo. Dagaa hana mkono katika hilo.

Katika sato, perege na ngege kuna wengine wanaoonekana kwa macho. Fundi wa kuparua samaki huwajua: minyoo ya rangi ya njano iliyojikunja kwenye mashavu au chini ya ngozi, na minyoo ya mviringo iliyojizungusha karibu na moyo. Wale wa njano ni Clinostomum, ambao hukomaa katika koo la ndege wa jamii ya yangeyange. Wale wa moyoni ni Contracaecum, na katika sato wa Ziwa Naivasha walianza kuandikwa na wanasayansi tangu miaka ya 1970. Hawa nao wanawasubiri ndege. Ila hapa kuna tofauti ndogo inayofaa kukumbukwa. Clinostomum amewahi kupatikana kooni mwa watu waliokula samaki mbichi huko Japani na Korea, akasababisha maumivu makali na uvimbe mpaka daktari alipomtoa kwa koleo. Ni matukio machache mno, lakini yote yana kisa kimoja: nyama haikuguswa na moto.

Pwani yetu na maziwa yetu yamejaaliwa mapishi yenye moto. Samaki wa kupaka, mchuzi wa nazi, sato wa kukaanga, kambale wa moshi anayechemshwa tena na karanga, dagaa wa kukaushwa kisha kuungwa: kote humo samaki hupita kwenye joto linalotosha kuua kimelea chochote. Mapishi hayo yametukinga kwa vizazi vingi bila sisi kuhesabu faida yake. Ili kuiona faida hiyo, tuangalie mahali ambapo mapishi yalikwenda njia nyingine.

Kaskazini mashariki mwa Thailand, katika nyanda za Isan zinazopakana na Laos, kuna chakula kiitwacho koi pla. Ni samaki wadogo wa mtoni na wa mashambani, jamii moja na ningu na kuyu wetu, waliokatwakatwa wakiwa wabichi na kuchanganywa na ndimu, pilipili na majani ya kunukia. Ni chakula cha wakulima wa mpunga, cha kushiriki na majirani baada ya kazi, na kinapendwa kwa dhati. Ndani ya nyama ya samaki hao hukaa vivimbe vya mnyoo bapa wa ini, Opisthorchis viverrini. Kivimbe kimoja hakifiki hata milimita moja. Hakuna mpishi atakayekiona, hakuna ladha itakayokifichua.

Akimezwa, mnyoo hutoka kwenye kivimbe na kupanda hadi kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini. Huishi humo miaka 10 na zaidi. Miaka hiyo yote mtu anaweza asihisi kitu, au akahisi tumbo kujaa na kulaumu pilipili. Mnyoo hujishikiza kwa vinyonyeo vyake, hujeruhi ukuta wa mrija, ukuta hujaribu kupona, hujeruhiwa tena, na katika mfululizo huo wa majeraha na seli mpya hatimaye baadhi ya seli hugeuka saratani. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka mnyoo huyu katika kundi la kwanza la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, kundi lilelile la tumbaku. Ndugu yake wa China na Korea, Clonorchis sinensis, aliwekwa humo baadaye. Jimbo la Khon Kaen, katikati ya Isan, limerekodi viwango vya saratani ya mirija ya nyongo ambavyo havijaonekana kwingine duniani. Saratani hiyo mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea, na wengi hufa miezi michache baada ya macho kuanza kuwa ya njano.

Daktari mmoja wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen, Narong Khuntikeo, alifiwa na wazazi wake wote wawili kwa ugonjwa huo. Yeye na wenzake wamezunguka vijijini na mashine za ultrasound wakipima maini ya wakulima, wakitafuta uvimbe ungali mdogo kiasi cha kukatika. Wamekutana na ukaidi ambao mhudumu yeyote wa afya anaufahamu. Wazee husema wamekula hivyo maisha yao yote. Wengine huamini ndimu inamaliza kila kitu, kwa kuwa nyama hugeuka nyeupe kama iliyopikwa. Ndimu hubadilisha rangi ya nyama, lakini kivimbe kina ukuta unaohimili tindikali kali ya tumbo la binadamu. Ndimu haikifanyi lolote. Na dawa ilipokuja, vidonge vya prazikwanteli, kuna walioiona kama ruhusa: kula koi pla, meza dawa, kula tena. Dawa huua minyoo iliyopo. Haizuii watakaoingia kesho, na wala haifuti makovu yaliyokwisha wekwa kwenye mirija.

Hata hivyo Isan hiyohiyo imetoa mfano wa kutia moyo. Katika vijiji vinavyozunguka ziwa la Lawa, watafiti wa Khon Kaen wakiongozwa na Banchob Sripa waliunganisha matibabu, mafunzo shuleni, vyoo, na kufuatilia paka na mbwa, maana wanyama hao hula mabaki ya samaki na kusambaza mayai kwa kinyesi chao. Maambukizi ambayo yaliwahi kuwa kwa zaidi ya nusu ya wanakijiji yalishuka chini ya asilimia 10. Ilichukua miaka, na haikufanikiwa kwa kuwakemea watu.

Huenda msomaji akauliza kama mnyoo huyo anaweza kuja kwetu. Anahitaji konokono wa jamii maalumu ya Asia, Bithynia, na bila huyo mayai yake hufa bure. Hilo linatupa nafasi ya kupumua, lakini si kulala. Mto Nile unaotoka Ziwa Viktoria unaishia Misri, na katika maziwa ya mdomoni mwake, kama Manzala na Burullus, kuna mnyoo mdogo wa utumbo, Heterophyes heterophyes, anayetoka kwenye mkizi na hata perege wa maji ya chumvichumvi. Wamisri wana fesikh, samaki aliyeachwa aanze kuvunda kisha akakaushwa kwa chumvi, chakula cha sikukuu ya Sham el-Nessim kila majira ya kuchipua. Chumvi ikiwa haijakaa siku za kutosha, mnyoo hubaki hai. Aliyemgundua ni Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, akichunguza maiti jijini Cairo mwaka 1851, mwaka uleule aliogundua mnyoo wa kichocho. Wote wawili walikuwa wakiishi katika miili ya watu wa Nile kwa karne nyingi kabla ya mtu kuwapa majina. Na konokono Melanoides tuberculata, anayebeba huko Asia minyoo wa jamii inayofanana na huyu, yumo pia katika maziwa yetu ya Viktoria, Tanganyika na Nyasa.

Kusini zaidi, Zambia na katika bonde la Okavango nchini Botswana, madaktari wameandika kuhusu watalii waliokula perege mbichi wakarudi kwao na uvimbe unaohama chini ya ngozi, leo mkononi, wiki ijayo kifuani. Huyo ni Gnathostoma, mnyoo wa mviringo mwenye miiba kichwani, ambaye kwa binadamu hupotea njia na kutangatanga. Akiingia jichoni au kwenye uti wa mgongo huleta ulemavu. Samaki waliomleta ni jamii moja na sato wa kwetu.

Ndiyo maana napata wasiwasi ninapoona mtindo mpya wa samaki mbichi ukiingia katika hoteli na migahawa ya miji yetu. Sina ugomvi na sushi. Mpishi anayeijua kazi yake hutumia samaki wa bahari aliyegandishwa kwa kipimo. Ugomvi wangu ni na anayemchukua sato au sangara wa ziwani asubuhi, akamkata vipande, akamnyunyizia ndimu na kumwita mteja. Samaki wa maji baridi hafai kuliwa mbichi, hata awe ametoka majini dakika hiyo. Ubichi wake wa kupendeza ndio unaoweka vimelea vikiwa na nguvu zote.

Kuhusu vipimo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inataka samaki wa kuliwa bila kupikwa agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15 akiwa ameshakuwa mgumu. Friza nyingi za nyumbani hazifiki huko, na umeme ukikatika mara mbili kwa wiki hesabu yote inavurugika. Umoja wa Ulaya nao umeweka vipimo vyake vya kugandisha, ila umesema wazi kwamba havihusu minyoo bapa wa jamii ya yule wa ini. Kwa hao hutaka moto, angalau nyuzi 60 katikati ya nyama kwa dakika moja. Jikoni kwetu hakuna kipimajoto, lakini jicho linatosha: nyama iliyoiva ni nyeupe isiyopenyeza mwanga, inaachana na mfupa na inapukutika kwa uma. Anayestahili kuangaliwa zaidi ni samaki mkubwa wa kubanika. Moto ukiwa mkali, ngozi huungua mapema huku nyama iliyoshikana na uti wa mgongo ikibaki na utelezi. Mchanje ubavuni, mweke mbali kidogo na makaa, mpe muda.

Ubao na kisu vilivyomtumbua samaki visikate kachumbari kabla havijaoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Kivimbe kimoja kilichobaki kwenye ubao kinatosha. Dagaa wa kukaushwa juani nao wasitafunwe vivyohivyo. Jua la siku moja si moto, na wale walioanikwa mchangani hubeba uchafu wa kinyesi cha ndege, mbwa na watu, ambao huleta magonjwa ya kuhara yanayoua watoto wengi kuliko mnyoo yeyote niliyemtaja. Wanaoanika kwenye chanja hupata dagaa safi zaidi na bei nzuri zaidi.

Wengi humtupia paka matumbo ya samaki, na tumeona huko Isan jinsi paka anavyosambaza mayai ya minyoo. Tuyachemshe kwanza.

Kwa wafugaji wa samaki nina neno pia. Katika baadhi ya sehemu za China na Vietnam, vyoo viliwahi kujengwa juu ya mabwawa ili kinyesi kirutubishe maji na samaki wakue haraka. Bwawa la namna hiyo hukusanya mahali pamoja mayai ya minyoo, konokono na samaki, kila anayehitajika kwa mzunguko kukamilika. Ufugaji wa sato na kambale unakua kwa kasi Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na mbolea inatumika. Mbolea ya ng'ombe au kuku ikae na kuoza kwanza. Kinyesi cha binadamu kisikaribie bwawa kamwe, na kingo zifyekwe majani ili konokono wakose mahali pa kujificha.

Nimeacha hadi hapa lile linaloumiza watu wa ziwa kuliko yote, kwa sababu halimo ndani ya samaki. Ni kichocho. Katika Ziwa Viktoria mnyoo Schistosoma mansoni huishi kwanza ndani ya konokono wa ufukweni, kisha hutoka mchana kuogelea akitafuta ngozi ya binadamu, naye huipenya kwa dakika chache tu, bila jeraha. Mvuvi anayesukuma mtumbwi, mama anayeosha dagaa akiwa amezama hadi magotini, mtoto anayechota maji: hao wote hupata mnyoo bila kula chochote. Mayai yake hunasa kwenye ini, ini hukakamaa, tumbo hujaa maji, na wapo wanaokufa wakitapika damu.

Samaki katika jambo hili ni mlinzi wetu. Huko Cape Maclear, upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa, Jay Stauffer na wenzake walihusisha ongezeko la kichocho na kupungua kwa samaki mlaji konokono, Trematocranus placodon, aliyevuliwa kupita kiasi karibu na ufukwe. Kokoro lenye matundu madogo linapokomba kila kitu ufukweni, humkomba pia samaki anayekula konokono. Maofisa wa uvuvi wanaokamata nyavu hizo wanafanya kazi ya afya, ingawa wachache huiona hivyo.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli ileile ya Isan. Kwa miaka mingi imegawiwa hasa kwa wanafunzi wa shule za msingi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba katika maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi wapewe wote kuanzia umri wa miaka 2, wakiwamo watu wazima. Wavuvi na waanika dagaa wamo. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa samaki mwaloni kila siku ziwafikishie dawa hiyo palepale wanapofanya kazi, na fedha za ushuru huo zijenge vyoo na mabomba ya maji safi ufukweni. Na wewe unayeingia ziwani kutafuta riziki, usisubiri kampeni: nenda kituo cha afya, mweleze mhudumu kazi unayoifanya, uombe kupimwa.